Giaboksi ya gari kuukuu: tuanze na njia ya tope

Katika Bonde la Kilombero gari kuukuu halistaafu. Land Rover iliyotoka kiwandani kabla dereva wake wa leo hajazaliwa bado inapakia magunia ya mpunga Mngeta, bado inapandisha abiria Mahenge, na usiku wa mvua bado ndiyo inayogongewa hodi pale mama mjamzito anapozidiwa kijijini na gari dogo haliwezi kupita. Bodi yake imekwisha kugongwa na kunyooshwa mara nyingi, na injini yake pengine si ile iliyozaliwa nayo. Lakini safari zake zote hutegemea vyombo viwili vya chuma vilivyofichika chini ya sakafu: giaboksi, na ile giaboksi ya pili ambayo mafundi wetu huiita transifa. Vyombo hivyo vikichakaa, mwenye gari hukabiliwa na swali zito: avitengeneze vile vya asili, au anunue vingine? Na kama ni vingine, vya gari gani?

Huenda msomaji akaliona hili kuwa swali la gereji, lisilostahili nafasi katika safu ya maoni. Sisi hatuoni hivyo. Fedha zinazotumika hapa ni za mkulima aliyeuza mavuno yake, ni za chama cha ushirika, ni za shule, ni za zahanati. Uchaguzi ukiwa mbaya, anayeulipia si muuza spea. Ni yule aliyelazwa nyuma ya gari lililokwama usiku katikati ya mbuga. Kwa hiyo twasema maoni yetu waziwazi tangu mwanzo. Mwenye gari kuukuu katika bonde hili na aanze kwa kuchagua transifa, kisha ndipo achague giaboksi. Na vyote viwili avichague pamoja na ekseli, wala si kimoja kimoja.

Desturi iliyoenea ni kinyume cha hayo. Tangu lami ya kutoka Kidatu ilipofika Ifakara, na tangu Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilipozinduliwa mwaka 2018 na kuuondoa usumbufu wa kivuko, wenye magari wengi wamevutwa na jambo moja tu, nalo ni giaboksi ya gia 5. Wanataka gari lisilopiga kelele likiwa mwendoni kwenda Mikumi na Morogoro. Hamu hiyo si mbaya. Ubaya ni kuifanya kuwa kipimo cha kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuachwa njiani na lami. Anayeachwa njiani huachwa na udongo.

UDONGO NDIO UNAOAMUA

Bonde letu lina barabara za aina tatu, na gari moja hutakiwa kuziweza zote. Ya kwanza ni lami tuliyoitaja. Ya pili ni njia za bondeni zenyewe, zinazokwenda Malinyi na zinazofuata miguu ya milima ya Udzungwa kuelekea Mlimba. Huko mito hushuka kwa kasi kutoka milimani na kuikata barabara; udongo ni mfinyanzi mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka kama sahani iliyoanguka, na masika hugeuka kuwa uji unaonata kwenye tairi mpaka kashata zake zisionekane. Ya tatu ni mpando wa kutoka Lupiro kwenda Mahenge, ambako gari lenye mzigo hutoka kwenye uwanda ulio chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari na kupanda mamia ya mita kwa kona, kisha hutakiwa kushuka salama siku ya kurudi.

Tope huhitaji mwendo mdogo usiokatika. Mpando huhitaji nguvu. Mteremko huhitaji injini isaidie breki. Hayo yote ni kazi ya transifa, si ya gia ya 5. Ndiyo sababu twasema tuanze nayo.

KAZI YA VYOMBO HIVI VIWILI

Kwa faida ya msomaji asiye fundi, tueleze kwa ufupi. Injini ya gari huzunguka upesi lakini haina nguvu nyingi katika kila mzunguko mmoja. Giaboksi huupunguza mwendo huo na kuuzidisha nguvu, na dereva huchagua kiasi kwa mkono wa gia. Nyuma ya giaboksi hukaa transifa, yenye kazi mbili. Ya kwanza ni kuigawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Ya pili ni kuipunguza mwendo mara nyingine tena dereva anapotaka: upande wa juu kwa barabara ya kawaida, na upande wa chini kwa tope na mlima. Kisha kila ekseli ina difu, nayo hupunguza mwendo mara ya tatu kabla nguvu haijafika kwenye gurudumu.

Basi, kuijua gia iliyo nzito kuliko zote katika gari, ni lazima kuzidisha tarakimu tatu: ya gia ya 1, ya upande wa chini wa transifa, na ya difu. Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Gia yake ya 1 ni 3.68, upande wake wa chini ni 2.35, na difu yake ni 4.7. Ukizizidisha wapata kama 41. Maana yake ni kwamba injini huzunguka mara 41 ili gurudumu lizunguke mara 1. Kwa tairi za kawaida za 7.50-16, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari hutembea kama kilomita 3.6 kwa saa, yaani polepole kuliko mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na katika tope la Kilombero maneno hayo ni hesabu kamili.

Sasa tazama One Ten iliyokuja mwaka 1983, ambayo baadaye mwaka 1990 ilipewa jina la Defender. Kila kitu kilibadilishwa: giaboksi ya gia 5 iitwayo LT77, transifa mpya iitwayo LT230, na difu nyingine. Gia ya 1 ni kama 3.6, upande wa chini ni 3.32, difu ni 3.54. Zizidishe, nawe wapata kama 42. Vyuma ni vingine kabisa, lakini jumla ni karibu ile ile. Hilo halikutokea kwa bahati. Waliolitengeneza gari walijua kiasi cha nguvu kinachofaa kulivuta kutoka shimoni, na kiasi ambacho ekseli zake zinaweza kuvumilia. Walipoongeza mahali pamoja walipunguza mahali pengine. Mwenye gari anayebadilisha chombo kimoja bila kuigusa mingine huivunja hesabu hiyo, na hesabu iliyovunjwa hulipiza kisasi.

KUBAKI NA CHA ASILI

Kwa mwenye Series II, IIA au III ambaye kazi yake kubwa ni ndani ya bonde, ushauri wetu ni kubaki na giaboksi na transifa ya asili, na kuitengeneza vizuri. Vyombo hivyo viwili vimefungwa pamoja kama kitu kimoja, na fundi wa kawaida mwenye winchi na subira huweza kuvishusha, kuvifungua na kuvirudisha. Hakuna waya wala kompyuta. Nguvu huenda kwenye ekseli ya nyuma peke yake katika barabara ngumu. Dereva akibonyeza kitufe cha njano, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Akiuvuta mkono mwekundu nyuma gari likiwa limesimama, huingia upande wa chini, na magurudumu yote manne hushika yenyewe.

Tofauti zipo, na mnunuzi azijue. Katika Series II na IIA ni gia ya 3 na ya 4 tu zenye sinkro, yaani vile vipete vinavyosawazisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Dereva wa gia ya 1 na ya 2 sharti ajue kukanyaga klachi mara mbili. Katika Series III gia zote nne za mbele zina sinkro. Dereva mwema wa zamani ataimudu IIA bila ya shida. Lakini gari la shule au la zahanati, linaloshikwa na madereva watatu kwa mwaka, litafaa zaidi likiwa na giaboksi ya Series III, maana meno yanayosagwa kila asubuhi hayadumu.

Aibu ya giaboksi hii ni lami. Kwa kilomita 80 kwa saa injini huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, na dizeli ile ndogo ya lita 2.25, yenye nguvu za farasi 62, hulia kama inayoomba msamaha. Wako waliofunga ovadraivu ya Fairey nyuma ya transifa, ambayo huupunguza mzunguko huo kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Ni chombo kizuri kwa gari jepesi la safari ndefu. Lakini kina oili kidogo sana inayotaka kuangaliwa kila wakati, na vipuri vyake ni vya kuagiza mbali. Kwa gari la mpunga hatukishauri. Dereva na apunguze mwendo, afike.

KUHAMIA ONE TEN

Njia ya pili ni kuchukua vyombo vya One Ten au Defender. Transifa ya LT230 tunaisifu bila kigugumizi. Ilianza katika miaka ya 1980, ikaendelea kufungwa katika Defender hadi uzalishaji wake ulipokoma Januari 2016, hata baada ya giaboksi ya gia 6 kuingizwa mwaka 2007. Chombo kinachodumu kazini zaidi ya miaka 30 kina sababu ya kudumu. Meno yake yote ni ya chuma kwa chuma, bila mnyororo, na vipuri vyake vingali vinapatikana.

LT230 hutofautiana na transifa ya Series kwa jambo moja kubwa: huvuta magurudumu manne wakati wote. Ili gari lisijikaze kwenye kona, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pamewekwa difu ya tatu, nayo dereva anaweza kuifunga kwa kuusogeza mkono wa transifa upande wa kushoto. Hapo ndipo madereva wengi hukosea. Difu ya kati ikiwa wazi, gurudumu moja likiteleza topeni hunyang'anya nguvu za mengine yote, na gari lenye sifa ya magurudumu manne hushindwa na dimbwi la hatua tatu. Difu hufungwa kabla ya kuingia topeni, si baada ya magurudumu kuanza kuchezea tope. Nayo hufunguliwa mara gari linapofika penye udongo mgumu. Ikiachwa imefungwa juu ya lami, usukani huwa mzito, tairi huliwa, na mwisho kitu hukatika. Dereva wa Series naye yamhusu onyo hilo, kwa kuwa transifa yake haina kabisa difu ya kati. Akitoka bondeni na kuiingia lami kitufe cha njano kikiwa bado chini, anaichana transifa kwa mkono wake mwenyewe. Na asimame, avute mkono mwekundu nyuma kisha aurudishe mbele, kitufe kitaruka juu.

Giaboksi ya LT77 haina nguvu kama transifa inayoifuata. Udhaifu wake mashuhuri ni meno ya mwisho wa shafti kuu, pale inapoingia ndani ya transifa: huliwa taratibu, gari likaanza kugonga kila dereva anapokanyaga mafuta, hata siku moja gia inaingia na gari haliondoki. R380, iliyoanza mwaka 1994, ni mrithi wake aliyerekebishwa, na mwenye uwezo na aichague hiyo. Zote mbili hupenda oili nyepesi. LT77 nyingi hutumia oili ya aina ile ya giaboksi za otomatiki. Fundi anayejaza oili nzito ya difu kwa kuwa "gari ni la tope" huzifanya gia za asubuhi kuwa ngumu kama kinu. Oili nzito ni ya transifa na difu.

Kwa mwenye One Ten, uchaguzi basi ni rahisi: LT230 ibaki, na giaboksi iwe LT77 iliyotengenezwa upya au R380. Katika lami atazunguka kama mara 2,300 kwa dakika pale mwenzake wa Series anapozunguka 2,900, na topeni hatakosa kitu.

MCHANGANYIKO UNAOUA EKSELI

Tunakuja sasa kwenye jambo lililotufanya tuandike. Imekuwa fasheni kuipachika LT77 pamoja na LT230 ndani ya Series kuukuu na kuziacha ekseli zake zilezile za 4.7. Mwenye gari huambiwa kwamba atapata "gia 5 na nguvu zaidi". Tufanye hesabu. Gia ya 1 kama 3.6, mara 3.32, mara 4.7, ni kama 56. Ndiyo, nguvu zimezidi. Lakini zinapita wapi? Zinapita katika zile hafu shafti nyembamba za nyuma ambazo zilikuwa zikikatika hata kwa 41. Gari likikwama na gurudumu likishikwa na mfinyanzi, dereva akikanyaga, nguvu hutafuta kiungo kilicho dhaifu na kukikuta. Aliyetaka kutoka topeni amekatia ekseli topeni.

Wala lami hajaipata. Upande wa juu wa LT230 ya One Ten ni 1.41, ambapo ule wa Series ni 1.15. Pamoja na difu ya 4.7, gia ya 4 inakuwa nzito kuliko ilivyokuwa mwanzo, na ile gia ya 5 iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inamrudisha mwenye gari karibu na pale alipokuwa. Juu ya hayo, ekseli ya mbele ya Series hutumia krosi za kawaida kwenye magurudumu. Krosi ikikunjwa haizungushi gurudumu kwa mwendo ulio sawa. Hilo halidhuru gari linalovuta mbele kwa nadra, lakini kwa transifa inayovuta mbele daima, usukani hutetemeka katika kila kona. One Ten ina viungo vya aina nyingine, vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena vyombo hivi ni virefu kuliko vya asili, kwa hiyo sharti kukata na kuunga mihimili ya chasisi na kurekebisha urefu wa propela.

Hatusemi haiwezekani. Twasema ikifanywa, ifanywe yote: giaboksi, transifa, ekseli zote mbili na propela zake, kutoka gari moja lililokufa. Asiyeweza gharama hiyo na abaki na Series yake kwa heshima. Vivyo hivyo kwa yule anayetaka kufunga injini kubwa ya lori dogo la Kijapani mbele ya giaboksi iliyoundwa kwa farasi 62. Giaboksi haisomi kibandiko cha injini. Husikia uzito tu.

Kuna vyombo viwili zaidi ambavyo sokoni huuzwa kwa bei nafuu. Kimoja ni transifa ya Borg Warner iliyofungwa katika Range Rover tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Huendeshwa kwa mnyororo na kujifunga yenyewe kwa maji mazito yaliyo ndani ya kopo. Kopo hilo likizeeka hushikana moja kwa moja, na hapa hakuna wa kulitengeneza. Cha pili ni giaboksi ya otomatiki. Ni starehe barabarani, lakini gari lake haliwashwi kwa kusukumwa, na betri ikifa Utengule usiku, kusukuma ndiko kulikobaki. Vyote viwili tunaviacha kwa wakazi wa mijini.

Na wenye Toyota je? Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mwishoni mwa 1984, zimejaa katika hospitali na mbuga zetu, na giaboksi yake ya H55F yenye gia 5 ni ya kusifiwa. Gia yake ya 1 ni 4.8, nzito mno, kiasi kwamba dereva huweza kuondoka na mzigo hata akiwa upande wa juu wa transifa. Aliye na Land Cruiser kuukuu ya gia 4 ataweza kuipokea H55F kwa matata machache, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja. Lakini kanuni haibadiliki: atazame kwanza transifa na difu zilizomo, apige hesabu, kisha ndipo atoe fedha.

SOKONI TUFUMBUE MACHO

Wahenga husema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo isitumiwe katika duka la spea za mtumba. Mnunuzi wa vyombo hivi sharti awe mchaguzi, na yapo mambo machache ambayo hata asiye fundi anaweza kuyasimamia.

Kwanza, aijue transifa kwa kuihesabu, si kwa kuambiwa. LT230 za Discovery nyingi zina upande wa juu wa 1.22, nazo kwa macho ni sawa na zile za 1.41. Gari lenye injini iliyochoka na mzigo mkubwa likipewa ya 1.22 litalemewa katika kila mpando. Dawa ni chaki: weka alama penye shafti ya kuingilia na penye flanji ya kutokea, funga difu ya kati, tia upande wa juu, kisha zungusha mpaka flanji itimize mizunguko 10. Kama ya kuingilia imezunguka mara 14, ni 1.41, kama ni 12, ni 1.22. Hesabu hii haimgharimu mtu senti.

Pili, avue kifuniko cha nyuma cha transifa, atazame meno ya shafti kuu kwa tochi. Meno yaliyochongoka kama ya msumeno yakataliwe. Tatu, aimwage oili kidogo kwenye kitambaa cheupe na kupitisha sumaku. Vumbi laini la chuma ni uzee wa kawaida; vipande vyenye kingo ni meno yaliyovunjika; oili nyeupe kama maziwa ni maji. Nne, aishike flanji ya kutokea na kuitikisa juu na chini. Ikicheza sana, beringi zimekwisha. Tano, kama gari lote lipo na linatembea, lijaribiwe mteremkoni bila kukanyaga mafuta. Gia inayochomoka yenyewe hapo itachomoka pia mteremko wa Mahenge, na mzigo ukiwa nyuma.

MAJI NA BREKI YA MKONO

Chombo kizuri bila matunzo ni hasara iliyoahirishwa. Adui wa kwanza wa giaboksi katika bonde hili ni maji ya Machi hadi Mei. Giaboksi iliyopata moto njiani ikitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuyavuta maji kupitia oili sili na vipumulio. Kwa hiyo dereva asimame kidogo kabla ya kuvuka, vyombo vipoe. Vipumulio viunganishwe na mpira mrefu unaopanda juu. Ile parafujo ndogo ya chini ya nyumba ya klachi, ambayo madereva wengi hawajui kazi yake, ifungwe kabla ya kuvuka na kufunguliwa baada ya kuvuka, maana ikiachwa imefungwa oili inayovuja huishia kwenye klachi. Na baada ya kila mvuko wa kina, oili zote ziangaliwe.

La pili ni breki ya mkono. Katika Land Rover hizi za zamani, breki ya mkono haikamati magurudumu. Hukamata ngoma iliyo nyuma ya transifa. Oili sili ya transifa ikivuja, oili humwagikia ngoma hiyo, na gari halina tena breki ya mkono. Sili hiyo ni kipande cha mpira cha bei ndogo sana. Lakini gari lililoegeshwa mlimani likiwa na abiria, huku sili hiyo imepasuka, ni hatari isiyo na udhuru. Wakati wa kivuko, watu wa bonde hili waliijua vema thamani ya breki inayoshika ukingoni mwa mto. Daraja lisitusahaulishe, maana milima bado ipo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Tungependa kumaliza kwa kuwakumbusha wahusika. Wenye magari ya umma, yaani halmashauri, shule, vituo vya afya na vyama vya ushirika, wasiruhusu chombo kibadilishwe kwa neno la mdomo. Kila gari liwe na daftari linaloonyesha aina ya giaboksi, aina ya transifa, tarakimu za difu, na aina ya oili ya kila chombo. Fundi anayekuja baada ya miaka mitano atajua anachokishika, na fedha za wananchi hazitanunua kipuri kisichoingia.

Mafundi wetu wa Ifakara, ambao ustadi wao hatuna shaka nao, twawaomba wawe wakweli kwa mteja. Fundi anayesema "hii haitakufaa" hupoteza kazi ya wiki moja na kupata mteja wa maisha. Na vijana wanaojifunza ufundi wafundishwe kupiga hesabu ya meno pamoja na kushika spana, kwa kuwa ekseli nyingi zilizokatika bondeni zilikatika kwanza kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeiandika.

Madereva nao waelewe kwamba upande wa chini si alama ya kushindwa. Wapo wanaoona haya kuuvuta mkono mwekundu mbele ya abiria, wakaunguza klachi kwa ajili ya fahari. Gari linalopita Ngoheranga kwa mwendo wa mtu atembeaye, likafika hospitali ya Lugala au ya Mtakatifu Fransisko kabla ya alfajiri, limefanya kazi iliyo bora kuliko lile lililopita kwa kishindo na kulala njiani. Masika hayangoji. Mwenye gari na alale chini ya gari lake leo, pakiwa pakavu, aone kilichomo, apige hesabu yake, na aamue.